Kinywa cha Kitwana na Ofisi Kumi na Moja

Nchi yetu haionekani kwenye ramani nyingi, na Serikali imeshaeleza kwamba kosa ni la ramani. Mimi simo katika kundi la wanaoisema vibaya nchi yangu. Nimekuwa karani wa mihuri katika Ofisi ya Sita kwa miaka ishirini na mbili, na kwa muda wote huo sijawahi kuona jambo baya lenye mhuri. Kwa hiyo haya ninayosimulia yapokeeni kama sifa.

Yalianza Siku ya Tabasamu la Taifa. Watoto elfu mbili wa shule walipangwa uwanjani ili watabasamu kwa pamoja mbele ya wageni kutoka nje. Filimbi ilipulizwa, watoto wakatabasamu, na wageni wote wakaanza kuangalia viatu vyao. Balozi mmoja mwanamke alilia. Redio yetu ilitangaza kwamba alilia kwa furaha.

Serikali haikukaa kimya. Ndani ya wiki moja iliundwa Tume ya Kuchunguza Vihatarishi vya Meno. Kihatarishi, kama alivyotufafanulia Waziri wa Afya na Mwonekano, Mheshimiwa Sefu Makeke, ni kitu chochote kinachoongeza uwezekano wa jino kuoza, isipokuwa Serikali. Meneja mkuu wa kiwanda cha sukari aliteuliwa kuwa Mwenyekiti wa Tume, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine nchini aliyeijua sukari vizuri kama yeye.

Hapa lazima nieleze desturi yetu moja, la sivyo mtatuona watu wa ajabu. Kwetu hakuna jambo linalofanyika ofisini kabla ya Chai ya Heshima: kikombe kimoja, vijiko vitatu vya sukari na kipande cha kashata. Mwenye shida anakunywa, na anayeisikiliza shida anakunywa. Kikombe hakimalizwi upesi, maana kukimaliza upesi ni kumwambia mwenyeji kwamba umemchoka. Unanyonya funda dogo, unazungumza, unanyonya tena. Akiingia mtu wa tatu, vikombe vinajazwa na mazungumzo yanaanza upya. Kuna watu wamekuja ofisini kwangu kuomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na walipotoka mtoto alikuwa ameota meno.

*

Tume ilizunguka kata sitini, ikanywa chai katika kata sitini, na kila ilipofika ilisikiliza mashahidi. Katika wilaya yetu shahidi alikuwa Bi Arafa, tabibu wa meno wa kliniki ya wilaya, binti mwembamba mwenye sauti ya kawaida na tabia mbaya ya kusema anachokijua.

"Waheshimiwa," alisema, "shida siyo wingi wa sukari peke yake. Ni mara ngapi inaingia mdomoni. Kila ukinyonya kitu kitamu, vijidudu vya mdomoni vinatengeneza tindikali, na tindikali inalilainisha jino. Mate yanakuja kulitengeneza, lakini yanahitaji muda. Sasa sisi tunanyonya chai toka asubuhi mpaka jioni. Hayo mate yatafanya kazi saa ngapi?"

Mwenyekiti alinyonya funda, akatafakari.

"Hao vijidudu," aliuliza, "wanatoka wapi?"

"Tunaambukizana, mheshimiwa. Mama akionja uji kwa kijiko kilekile anachomlishia mtoto, anamgawia."

"Kumbe ni watu!" alisema Mwenyekiti, na uso wake ukang'aa. "Andikeni hapo: ni watu."

Habari ya mate haikuandikwa. Karani wa Tume aliniambia baadaye kwamba neno lenyewe lilionekana halifai katika waraka wa Serikali.

Ripoti ilitoka ikiwa na kurasa mia tisa. Ilieleza kwamba sukari imehojiwa kwa kina, imetoa ushirikiano wa kutosha, na haikupatikana na hatia. Vihatarishi vilivyothibitishwa vilikuwa vitatu: kucheka mdomo ukiwa wazi, kunung'unika, na kinywa cha mtu mwingine. Hata hivyo, kwa kuonyesha usikivu, Serikali ilipunguza sukari katika Chai ya Heshima kutoka vijiko vitatu hadi viwili kwa kikombe. Ili wananchi wasijisikie wamepunjwa, ikaongeza vikombe kutoka vinne hadi saba kwa siku. Tulipiga makofi. Dawa ya meno yenye floridi iliachwa palepale ilipokuwa, kwenye orodha ya vipodozi, pamoja na wanja na rangi ya mdomo, na ikaendelea kupigwa marufuku shuleni kwa sababu za maadili.

Halafu ikaja Kadi ya Kinywa. Kila raia angepimwa na kupewa kadi ya kijani, ya njano au nyekundu. Na kwa kuwa kihatarishi kikubwa ni kinywa cha mtu mwingine, ilitungwa sheria kwamba hakuna watu wawili watakaofunga ndoa mpaka wote wawili wawe na kadi ya kijani.

Hapo ndipo jambo lilipoingia nyumbani kwangu.

*

Nina mpwa anayeitwa Kitwana, mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea mwenyewe tangu akiwa na miaka minane. Anapiga tarumbeta kwenye bendi ya harusi, ile inayopanda juu ya pikapu na kuwaamsha hata wasioalikwa. Na mchumba wake, ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyempelekea posa, alikuwa ni huyu huyu Bi Arafa. Harusi ilikuwa imebaki wiki tano. Kadi za mwaliko zilikwishagawiwa, na shangazi saba walikwishashonesha vitenge vya sare.

Bi Arafa alipimwa akapata kijani. Kitwana alipimwa akapata nyekundu. Alikuwa na jino moja la nyuma, gego, lenye tundu dogo la kuingia punje ya mtama.

"Hili naliziba nusu saa," alisema Bi Arafa.

Lakini hakuruhusiwa. Kwa mujibu wa kanuni, kuziba jino la mtu mwenye kadi nyekundu ni kuficha ushahidi. Kilichobaki ni kukata rufaa, na rufaa ilihitaji mihuri ya ofisi kumi na moja.

"Ni mimi niliyesema tunaambukizana," Bi Arafa aliniambia siku hiyo, macho yamejaa machozi. "Mjomba, ni mdomo wangu mwenyewe umenifungia harusi."

"Usinung'unike, mwanangu," nilimwambia kwa upole. "Ni kihatarishi."

Kitwana akaanza safari. Ofisi ya Kwanza walimpa Fomu ya Vihatarishi yenye maswali mia na nne. Je, una meno? Kama ndiyo, uliyapata wapi? Je, babu yako alikuwa na meno? Yako wapi sasa? Je, mdomo wako hukauka? Kama hukauka, ulikuwa ukisema nini? Alijaza yote huku akinyonya chai. Ofisi ya Pili walitaka kujua kwa nini Ofisi ya Kwanza walitumia wino wa buluu, na chai juu yake. Ofisi ya Tatu afisa alikuwa msibani, lakini chai yake ilikuwepo. Ofisi ya Nne na ya Tano zilikuwa chumba kimoja, kwa hiyo alikunywa mara mbili bila kubadili kiti.

Alipofika Ofisi ya Sita alinikuta mimi.

"Mjomba," alisema akiwa amejishika shavu, "gonga tu mhuri nikimbie. Toka asubuhi sijapumzika mdomo."

Nataka mjue kwamba nilimhurumia. Ila sheria ni sheria, na ofisini sina mpwa. Nilimmiminia kikombe, nikamkatia kashata, nikamuuliza habari za nyumbani, ingawa nyumba ni moja. Alinyonya chai akinitazama, na sikuyapenda macho yale.

Wiki ya tatu Bi Arafa alimchungulia tena. Tundu lilikuwa limeongezeka kina, na kwenye meno ya mbele, yale anayoegemezea tarumbeta, palikuwa na madoa meupe mawili.

"Hapa jino limeanza kupoteza chokaa yake," alisema. "Bado linaweza kurudi, likipata dawa ya floridi, likipata mapumziko. Kitwana, zimebaki ofisi ngapi?"

"Tano."

"Ukifika ya kumi na moja utakuwa na kesi mpya," alisema Bi Arafa. Kisha akatoka nje akasimama peke yake uani, na mimi nilijifanya natafuta miwani.

*

Afisa wa Ofisi ya Kumi na Moja alikuwa mtu mwema, na ndiyo maana mambo yaliharibika. Alisoma jalada lote. Alisoma sheria yote, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akapiga meza kwa furaha.

"Kijana, una bahati! Kifungu cha kumi na tisa: *Raia asiye na jino hana kihatarishi, na atapewa kadi ya kijani papo hapo.* Humo hamna rufaa, hamna kusubiri. Unang'oa, unaoa."

"Yote?" aliuliza Kitwana.

"Sheria haijasema nusu."

Amri iliandikwa palepale: tabibu wa meno wa wilaya amng'oe raia huyu meno thelathini na mawili kabla ya Ijumaa, mbele ya karani mwenye mhuri. Tabibu wa wilaya mnamjua. Karani mwenye mhuri nilikuwa mimi.

Tulikutana kliniki Alhamisi asubuhi, watu watatu na koleo moja. Kitwana alikuwa amekwishakaa kwenye kiti, mikono imeshika vishikio.

"Ng'oa," alisema. "Nimefikiri. Tarumbeta haipigwi bila meno ya mbele, najua. Nitapiga ngoma. Wanaopiga ngoma nao wanaoa."

"Nyamaza," alisema Bi Arafa.

"Arafa, harusi ni keshokutwa. Mama yako ameshapika visheti."

"Nimekwambia nyamaza. Meno thelathini na moja mazima, Kitwana! Nimesoma miaka mitatu nijifunze kuyaacha yakae mdomoni. Niolewe nawe halafu kila ukinichekea nione kazi ya mikono yangu?"

Akalirusha koleo kwenye beseni. Lilitoa mlio, na sisi wanaume wawili tukaruka.

Kisha akavuta kiti, akaichukua fomu, na kwenye nafasi iliyoandikwa *Idadi ya meno yaliyopo* akaandika kwa mwandiko safi: *Hana.* Akaisukuma mezani mpaka mbele yangu.

Niliitazama ile karatasi. Nilimtazama Kitwana, naye alikuwa ameachama kwa mshangao, meno yote yapo, nayahesabu. Katika miaka ishirini na mbili sijawahi kugonga mhuri juu ya uongo nikijua ni uongo. Nikamkumbuka dada yangu, jinsi alivyokuwa akicheka kichwa kimeinuliwa juu, na mtoto huyu amechukua kicheko kilekile. Niligonga. Niligonga mara mbili, ya pili kwa hasira.

"Haya," alisema Bi Arafa akifuta machozi kwa mgongo wa mkono. "Kwa kuwa sasa huna meno, hakuna sheria inayonizuia kukuziba moja."

Ilimchukua nusu saa.

*

Jumamosi harusi ilifanyika. Kitwana alikuwa na kadi ya kijani mfukoni na midomo iliyobanwa. Aliitikia salamu kwa kuinamisha kichwa. Pilau ilipita mbele yake akainusa tu, akaletewa bakuli la mchuzi, naye akalinywa kwa heshima ya mtu asiye na meno. Mashangazi walilia.

Tulidhani tumevuka. Mara ving'ora vikasikika, na ndani ya ukumbi akaingia Mheshimiwa Sefu Makeke mwenyewe, na wapiga picha, na mtu wa kumbebea kikombe. Alikuwa amesikia kwamba katika wilaya yetu amepatikana raia wa kwanza mwenye kihatarishi sifuri. Alipanda jukwaani bila kualikwa, jambo ambalo kwetu ni heshima kubwa.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Wapo waliosema Kadi ya Kinywa haitafanya kazi. Wapo waliosema tuangalie vikombe. Leo nawauliza: wako wapi? Mbele yenu yupo kijana mzalendo, aliyetazama taifa lake, akatazama meno yake, akachagua taifa! Nchi nyingine zinapambana na meno mabovu. Sisi tumelifuata tatizo kwenye mzizi wake, tukaung'oa mzizi! Bwana harusi, simama. Taifa linataka kuona ufizi wako. Tabasamu!"

Wapiga picha wakapiga magoti. Bi Arafa alimshika Kitwana mkono, na niliona vidole vyake vimekuwa vyeupe. Kughushi cheti cha kinywa ni miaka saba jela, kwa tabibu na kwa karani. Kitwana alimtazama mke wake. Alinitazama mimi. Hapakuwa na pa kwenda.

Akatabasamu.

Meno thelathini na mawili, yamepigwa mswaki siku tatu mfululizo na mtaalamu, yakawaka katika mwanga wa kamera. Mtu mmoja nyuma aliangusha sahani. Waziri aliinama akachungulia. Akachungulia kushoto, akachungulia kulia. Kisha akanyoosha mkono, na msaidizi wake akampa ile fomu. Akaisoma. Akachungulia tena mdomo. Akaisoma tena.

"Karani!" aliita. "Mhuri huu ni wako?"

"Ni wangu, mheshimiwa," nilisema.

"Ni wa kweli?"

"Miaka ishirini na mbili, mheshimiwa."

Alikunja karatasi taratibu, akaigeukia hadhira.

"Hana," alisema.

Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Mzee aliyekaa jirani yangu aliniambia kwamba hajawahi kuona ufizi safi namna ile. Nikamjibu kwamba ni kweli. Bi Arafa alicheka mpaka shela ikamwanguka, na Kitwana akachukua tarumbeta kwa mwenzake wa bendi akapiga, na Waziri akawaeleza waandishi kwamba hata sauti imekuwa bora zaidi bila kizuizi.

Kesho yake picha ilitoka gazetini. Meno yalikuwa yamefutwa kwa wino.

*

Baada ya hapo kila mtu alitaka kadi ya kijani. Foleni ya kliniki ilizunguka soko mara mbili. Mtu anaingia, anafungua mdomo, Bi Arafa anachungulia, anaziba penye tundu, anaandika *Hana*, na mimi nagonga. Kila mmoja alitoka na mswaki na maagizo: asubuhi na kabla ya kulala, dawa yenye floridi, tema povu usisukutue, na kitu kitamu kikae na mlo, kisitembee nawe kutwa nzima.

Chai ya Heshima nayo ilipata tatizo la kikanuni. Kanuni inasema chai haitolewi bila kashata, na kashata haitolewi kwa asiyeweza kuitafuna. Kwa hiyo raia wasio na meno, yaani sote, tulianza kupewa maji. Vinywa vikapumzika. Yale madoa meupe ya Kitwana yalififia, na watoto wa shule, ambao pia hawana meno, wakaacha kulia usiku.

Ila fungu la fedha za chai lilikuwa limekwishapitishwa, na fungu lisipotumika hukatwa mwaka unaofuata. Viongozi, ambao hawapimwi, wakajitolea kuinywa chai ya taifa zima. Waliinywa kwa zamu, asubuhi mpaka jioni, funda kwa funda, kwa uzalendo mkubwa.

Mwezi uliopita Serikali ilitangaza ushindi. Na kwa kuwa nchi isiyo na meno haihitaji tabibu wa meno, kliniki ilifungwa na Bi Arafa akashukuriwa kwa barua. Barua ilikuwa nzuri. Nililia nilipoisoma, na siyo kwa furaha. Siku hizi anatibu barazani kwake, Jumamosi, na watu huja wakisema wamekuja kusalimia.

Jumamosi iliyopita aliyekuja kusalimia alikuwa Waziri. Aliingia kwa mlango wa uani, shavu limevimba mpaka jicho moja limejificha. Bi Arafa alimkalisha, akamchungulia, akashtuka kidogo.

"Manne yanazibika, mheshimiwa. Mawili hapana. Nianze sasa hivi?"

"Ukiziba," alisema Waziri kwa taabu, "itaonekana kwamba nchini kuna meno."

"Jino halisikilizi redio, mheshimiwa. Fungua mdomo, tafadhali. Unaumia."

Aliufungua nusu. Nilimwonea huruma kweli, maana mtu anayeumwa jino hafanani na waziri. Akaufunga tena, akasimama, akasema ana hotuba saa saba, akaondoka ameshikilia shavu kwa mikono miwili.

Tulibaki barazani, mimi na Kitwana na mkewe na wagonjwa sita waliokuja kusalimia. Kitwana alikuwa amechoma mahindi, yaliyokauka, yale magumu, akamgawia kila mtu hindi lake. Saa saba tukafungua redio. Waziri alikuwa akilihutubia taifa kwamba tatizo la meno ni historia, kwa kuwa katika nchi yetu hakuna tena jino hata moja, na sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayezungumzia ndani ya mto wa kulalia. Hatukutaka kupoteza neno. Bi Arafa alinyoosha mkono akaiongeza redio mpaka mwisho, na bado hatukusikia vizuri, kwa sababu ya kelele za kutafuna mahindi.